Mabingobingo: Majani ya Kudumu na Deni la Ardhi

Miongoni mwa malisho yanayokatwa na kupelekwa zizini katika Afrika Mashariki, ni machache yanayojulikana sana kuliko mabingobingo, majani marefu ambayo Wakenya wengi huyaita nepia na ambayo kwingineko huitwa matete au majani ya tembo. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huyapanda kwenye mipaka ya mashamba, kingo za matuta na vishoroba vya ardhi visivyofaa mazao mengine, na wengi huyachukulia kuwa majani tu, mmea unaojiotea na kujitunza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo ndio chanzo cha mashamba mengi ya mabingobingo kudhoofika, kwa sababu mmea wa kudumu, yaani ule unaopandwa mara moja na kuchipua tena kila unapokatwa, hudumisha mema na mabaya kwa pamoja: pando safi lililotiwa katika udongo unaolishwa humlipa mfugaji kwa miaka mingi, ilhali pando lenye ugonjwa, au udongo unaochukuliwa rutuba bila kurudishiwa, humpa hasara ambayo haitaisha msimu huo.

Kwa asili, mabingobingo ni mmea wa Afrika ya kitropiki, hasa wa kingo za mito na nyanda zenye mvua ya kutosha. Wataalamu wa mimea waliyapa jina la Pennisetum purpureum, na siku hizi huyaweka katika jenasi nyingine kwa jina la Cenchrus purpureus. Ni ndugu wa karibu wa uwele, nafaka ya nchi kame, na undugu huo umewawezesha watafiti kuchanganya mimea hiyo miwili na kupata machotara yenye majani mengi, ambayo baadhi yake huuzwa leo kwa majina ya kuvutia na ahadi kubwa. Jina la nepia linatokana na Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliihimiza idara ya kilimo ya Rodesia ya Kusini, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, iyafanyie majaribio kama malisho.

Kuenea kwake katika Afrika Mashariki kulifuata mabadiliko ya ufugaji wenyewe. Katika nyanda za juu zenye watu wengi, mashamba yaligawanywa kwa warithi hadi machungo yakatoweka, na ng'ombe wa kigeni au chotara, anayetoa maziwa mengi lakini anayeshambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya kupe, alifaa kukaa bandani kuliko kutembezwa. Nchini Kenya, mradi wa kitaifa wa kuendeleza maziwa ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulifundisha ufugaji wa ndani, yaani ule wa kumletea mnyama chakula zizini, na nepia ndiyo iliyokuwa nguzo ya mafunzo hayo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wa bandani ni desturi ya zamani katika mashamba ya migomba na kahawa, mabingobingo yaliingia katika utaratibu uliokwishakuwapo wa kukata majani na kuyabeba hadi nyumbani.

Mmea huu hustawi kuanzia usawa wa bahari hadi kimo cha takriban mita 2000, na juu ya hapo baridi huupunguzia kasi. Hupenda mvua inayozidi milimita 1000 kwa mwaka na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Mizizi yake mirefu huusaidia kuvumilia kiangazi kifupi, lakini katika ukame mrefu hubaki hai bila kutoa malisho ya maana. Kwa hiyo mfugaji wa nyanda kavu anayeushupalia kwa sababu tu jirani yake wa milimani anaupanda, hujinyima majani mengine yanayolifaa zaidi eneo lake.

Mbegu za mabingobingo ni chache, dhaifu, na haziaminiki kuzaa mmea unaofanana na mama yake, kwa hiyo upandaji hufanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutumia pingili, yaani vipande vya shina lililokomaa vyenye vifundo vitatu, ambavyo huchomekwa ardhini kwa mshazari ili vifundo viwili vifukiwe na kimoja kibaki juu. Ya pili ni kung'oa shina lenye mizizi na kuligawanya katika mapande, njia inayoleta chipukizi upesi zaidi ingawa inadai kazi kubwa ya kuchimba. Kwa kawaida nafasi kati ya mstari na mstari ni mita 1, na kati ya mche na mche ni nusu mita hadi mita 1 kulingana na mvua ya mahali. Upandaji hufanywa mvua zinapoanza, na palizi ya miezi ya mwanzo haina mbadala, kwa kuwa magugu yakiwahi kushika nafasi, shamba hubaki na mapengo ambayo hayazibiki kwa urahisi.

Njia nyingine, iliyopata umaarufu Kenya kwa jina la tumbukiza, iliwalenga wafugaji wenye ardhi ndogo. Mashimo ya mviringo au mitaro mirefu huchimbwa kwa kina cha takriban sentimita 60, udongo wa juu ukitengwa na ule wa chini. Kisha udongo wa juu huchanganywa na samadi, kwa kawaida debe moja au mawili kwa kila shimo, na mchanganyiko huo hurudishwa hadi shimo libakize sentimita 15 hivi bila kujazwa. Pingili au mapande kadhaa hupandwa humo, na ile nafasi iliyoachwa juu hukusanya maji ya mvua pamoja na samadi inayoongezwa baadaye. Mafanikio ya tumbukiza yana siri moja tu, nayo ni kwamba inamlazimisha mfugaji kuulisha mmea kabla ya kuudai majani. Kazi ya kuchimba ni nzito na hulipwa polepole, lakini mashimo yaliyotunzwa hukawia kunyauka wakati wa kiangazi kuliko mistari ya kawaida.

Baada ya kupanda, ujuzi mkubwa unaobaki ni wa kukata. Mavuno ya kwanza hufanywa miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, majani yanapofikia kimo cha takriban mita 1, na yanayofuata huja kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Kimo hicho kina sababu. Mmea unaporefuka, sehemu ya shina huzidi sehemu ya jani, nyuzi ngumu huongezeka na protini hupungua: majani ya kimo cha mita 1 yaliyotunzwa vizuri huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10, ilhali yaliyoachwa hadi kumpita mtu kwa urefu hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya tumbo kuu la ng'ombe, wale wanaomsagia nyuzi, hukosa chakula chao wenyewe na kuzorota. Hapo ng'ombe hushinda ameshiba na maziwa yasiongezeke, na lawama huangukia mbegu ya ng'ombe, wakati kosa liko katika tarehe ya panga.

Kukata mapema mno nako kuna madhara yake, kwa sababu mmea hauchipui kwa nguvu ya mvua pekee bali kwa akiba iliyohifadhiwa katika shina la chini na mizizi. Ukikatwa kila unapotoa majani machache, akiba hiyo huisha, vichipukizi hukonda na shina hatimaye hufa. Ndiyo sababu mabua ya urefu wa sentimita 5 hadi 10 huachwa juu ya ardhi, na shamba hugawanywa katika mafungu yanayokatwa kwa zamu, ili fungu la mwisho linapomalizika, la kwanza liwe limefikia tena kimo kinachofaa. Mfugaji asiye na mafungu hujikuta na majani mengi mno mwezi mmoja, na mwezi unaofuata akiyavizia yaliyo machanga.

Hesabu ya kiasi nayo huwapotosha wengi, kwa kuwa mzigo wa majani mabichi huonekana mkubwa kuliko chakula kilichomo. Wataalamu wa lishe hupima kitu kikavu, yaani kile kinachobaki baada ya maji yote kuondolewa, na katika mabingobingo mabichi kitu hicho ni chini ya thuluthi, mara nyingi asilimia 15 hadi 20 tu. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kitu kikavu cha takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku, na akilishwa mabingobingo peke yake atahitaji kati ya kilo 60 na 80 za majani mabichi kila siku, mwaka mzima. Ni kwa hesabu hiyo ekari moja iliyopandwa kwa njia ya kawaida hukadiriwa kumtosha ng'ombe mmoja tu. Hata anapopewa kiasi hicho, protini yake haimtoshelezi ng'ombe mwenye maziwa mengi, hivyo hupaswa kuongezewa majani ya jamii ya mikunde kama desmodiamu au kaliandra, au vyakula vya kusindikwa kama pumba na mashudu ya alizeti na pamba.

Hesabu hiyo hiyo, ikigeuzwa upande wa ardhi, hufichua deni ambalo mara nyingi halitajwi. Protini imejengwa kwa naitrojeni, na tani moja ya kitu kikavu chenye protini ya asilimia 8 hubeba takriban kilo 13 za naitrojeni, ambacho ndicho kiasi kinachopatikana katika mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya CAN. Ng'ombe aliyetajwa hula zaidi ya tani nne za kitu kikavu kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kulishwa kwake kunaondoa shambani naitrojeni ya zaidi ya mifuko minne, mbali na potasiamu, ambayo majani haya huichota kwa wingi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na rutuba ni mali ya namna hiyo: hupotea kidogo kidogo katika kila mzigo unaobebwa kwenda zizini, hadi mwaka wa tatu au wa nne mavuno yanaposhuka na mwenye shamba akadhani majani yamezeeka.

Jambo hilo linashangaza zaidi likilinganishwa na historia ya majani yenyewe nchini Uganda. Katika ukanda wa mvua nyingi ulio kaskazini na magharibi mwa Ziwa Victoria, matete ya mwituni yalikuwa kwa wakulima dalili ya ardhi nzuri, na wataalamu wa kilimo wa wakati wa ukoloni walipendekeza mashamba yaliyochoka yapumzishwe chini ya matete kwa miaka michache ili mizizi iushikamanishe udongo na majani yanayooza yaurudishie uhai. Basi mmea mmoja huponya ardhi ukiachwa palepale na huifukarisha ukikatwa na kubebwa. Tofauti yote iko katika kurudi au kutorudi kwa kile kilichochukuliwa.

Njia ya kurudisha ipo karibu, kwa kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni anayoila ng'ombe hutoka tena katika kinyesi na mkojo. Ugumu ni kwamba mkojo, ulio na sehemu kubwa ya utajiri huo, hupotea kwanza: hunyonywa na sakafu ya udongo au hugeuka kuwa hewa ya amonia inayonuka bandani. Banda lenye sakafu ya saruji iliyoinamishwa kuelekea shimo la kukusanyia, paa linaloizuia mvua isiioshe samadi, na matandiko ya mabaki ya mimea yanayonyonya mkojo, ni vifaa vya kilimo cha mabingobingo sawa na jembe na panga. Tope la samadi likimwagwa katikati ya mistari mara tu baada ya kila mkato na kufukiwa kidogo, mzunguko hukamilika. Anayeuza majani yake barabarani kwa mzigo hana samadi inayorudi, na sharti bei yake ihesabu mbolea atakayoinunua, la sivyo anauza ardhi yake bila kujua.

Adui wa pili wa shamba la kudumu ni ugonjwa unaosafiri ndani ya pando. Katika miaka ya 1990 magonjwa mawili yalianza kuwasumbua wafugaji wa Kenya. Wa kwanza ni fugwe, ugonjwa wa kuvu unaoufanya mmea utoe masuke mapema yakiwa yamefunikwa na unga mweusi kama masizi, huku mabua yakikonda. Ulienea katika nyanda za juu za kati, na watafiti wa Kenya waliukabili kwa aina zinazoustahimili, hasa Kakamega 1 na Kakamega 2. Wa pili ni ugonjwa wa kudumaa, ulioonekana kwanza magharibi mwa nchi hiyo na kujulikana pia Uganda na Ethiopia. Chanzo chake ni fitoplasma, aina ya bakteria wasio na ukuta wa seli ambao huishi katika mirija ya mmea inayopitisha sukari, na msambazaji wake ni mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu wa majani. Mmea ulioshikwa hutoa vichipukizi vingi vifupi, vyembamba na vya manjano, na baada ya mikato michache hunyauka.

Ubaya wa ugonjwa wa kudumaa ni kwamba dalili zake mara nyingi hazionekani hadi mmea ukatwe na kuanza kuchipua upya. Shina refu la kijani linaloazimwa kwa jirani laweza kuonekana lenye afya kamili na huku limebeba fitoplasma, na mfugaji akalipanda kwa bidii zote, akilitilia samadi na kulipalilia, kumbe anakuza ugonjwa. Desturi ya kupeana pingili ni njema na ndiyo iliyoeneza mabingobingo vijijini, lakini kwa ugonjwa huu imekuwa njia ya uenezi yenye nguvu kuliko mdudu mwenyewe. Kwa hiyo pando linafaa litolewe katika shamba ambalo limekwisha kukatwa na kuchipua vizuri mbele ya macho ya mchukuaji. Mashina yanayoonyesha dalili yang'olewe na mizizi yake na kuteketezwa. Na nafasi yao ipewe jamii nyingine ya majani badala ya kujazwa tena na mabingobingo yale yale. Aina zinazosifiwa kuustahimili ugonjwa zipokewe kwa kuelewa kwamba kustahimili hakumaanishi kutoambukizwa: mmea unaostahimili waweza kuendelea kuzaa majani huku ukiwa ghala la vimelea kwa mashamba ya jirani.

Thamani ya mabingobingo haiishii zizini. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kikundi kilichoongozwa na Zeyaur Khan kwa kushirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza kilitengeneza katika miaka ya 1990 mbinu iitwayo vuta-sukuma ya kulinda mahindi dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua. Mistari ya mabingobingo hupandwa kuzunguka shamba, na desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi hao. Ile ya mabingobingo, ambayo huongezeka sana saa ya kwanza ya giza wakati nondo wanapotafuta pa kutagia, huwavuta pembeni. Viwavi wanaoanguliwa huko hujaribu kutoboa shina na kukutana na utomvu unaonata, hivyo wachache tu ndio wanaokomaa. Nayo mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Hata katika mbinu hii kanuni ya kukata kwa zamu inabaki palepale, kwa kuwa mistari yote ikikatwa siku moja, mtego hutoweka na mahindi hubaki wazi.

Vivyo hivyo katika milima ya Machakos na kwingineko, mabingobingo yaliyopandwa juu ya kingo za matuta ya fanya juu, yaani yale yanayotengenezwa kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, huzishika kingo kwa mizizi na kuzipa kazi ya pili ya kuzaa malisho. Kwa ajili ya kiangazi, ziada ya majani ya wakati wa mvua huweza kuhifadhiwa kama saileji, yaani majani yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa yasipate hewa hadi yachachuke. Mabingobingo yana maji mengi na sukari kidogo, kwa hiyo hunyaushwa kwanza na kuongezewa molasi ili uchachu upatikane upesi kabla ya kuoza kuanza.

Mambo yote haya yanaelekeza kwenye wajibu ambao mfugaji mmoja hawezi kuubeba peke yake. Serikali na halmashauri hugharimia mitamba bora na uhimilishaji, lakini vitalu vya mapando yaliyopimwa na kuthibitishwa kuwa safi ni nadra kupewa uzito kama huo, ingawa ng'ombe bora asiye na malisho bora huzaa deni tu. Vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo tayari hukutana na wanachama wao kila siku kwenye mizani, vina nafasi nzuri ya kumiliki vitalu hivyo na kukagua mashamba baada ya kila mkato. Kwa upande wake, mfugaji anaweza kulipima shamba lake kwa maswali matatu yasiyohitaji maabara: je, samadi imerudi baada ya mkato uliopita, je, vichipukizi vipya ni vipana na vya kijani kama vile vya mkato wa nyuma, na je, kimo kilikuwa karibu na mita 1 panga lilipoingia? Shamba linalojibu ndiyo kwa yote matatu halina umri wa kuzeeka unaopaswa kuogopwa mapema, na lile linalojibu hapana kwa mfululizo ni heri ling'olewe, lipumzishwe kwa mazao mengine na kuanzwa upya kwa pando safi, kuliko kuendelea kukatwa kwa matumaini kwamba mvua ijayo italirekebisha.